Kanuni ya Uhifadhi wa Kusubiri: Kuelekea Uainishaji Mpya wa Chapati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza chapati ya nyumbani inayoandaliwa kwa mlo mzito wa jioni. Yanajenga hoja kwamba chapati hushindwa na saa kabla haijashindwa na unga. Data zilikusanywa kwa mbinu ya ushuhudiaji shirikishi, yaani kwa kula. Maneno muhimu: ngano, samli, wifi, nipo njiani.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa chapati, ambao katika nchi zetu ni kila mtu aliyewahi kula moja, wameigawa kwa muda mrefu kwa kigezo cha umbo. Kuna ya duara, kuna ya karibu na duara, na kuna ile ambayo mpishi wake huiweka chini kabisa ya rundo. Makala haya yanakikataa kigezo hicho tangu mwanzo. Duara ni suala la jiometri, na hajasikika mlaji aliyevimbiwa kwa sababu ya pembe. Wapo waliojaribu kigezo cha madoa, wapo wa unene, na lipo kundi lenye msimamo mkali, hasa upande wa wakwe, linalotumia kigezo cha nani aliyepika. Matokeo ya kundi hilo hujulikana kabla ya jaribio.

Sisi tunapendekeza kigezo cha kusubiri. Mkate bapa wowote uliotoka India unatakiwa kujibu maswali mawili: ulisubiriwa kiasi gani kabla ya kuingia motoni, na unaweza kusubiri kiasi gani baada ya kutoka? Majibu yakipatikana, mchuzi unajulikana, idadi ya wageni inajulikana, na mara nyingi hata hali ya ndoa inajulikana.

Kwa ajili ya vipimo tumebuni kizio kiitwacho subira (alama yake ni Sb). Subira moja ni muda unaopita kati ya mgeni kusema kwenye simu "nipo njiani" na mgeni huyohuyo kupiga hodi. Ikumbukwe kuwa "nipo njiani" ni hali ya mtu ambaye bado anatafuta kiatu cha pili. Kizio hiki hakilingani mji na mji. Subira ya Dar es Salaam siku ya mvua ni ndefu kuliko subira ya Tanga wakati wa kiangazi, na ile ya Nairobi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, bado haijapimwa ikafika mwisho.

2.0 Mapitio ya Maandiko

Mwishoni mwa karne ya 16, Abul Fazl, mwandishi wa Mfalme Akbar, aliandika Ain-i-Akbari, kitabu kinachoeleza utawala wa Wamogholi kuanzia kodi za mashamba hadi lishe ya tembo. Jiko hakulisahau. Anaeleza mkate mkubwa wa tanuri uliokandwa kwa unga, maziwa, samli na chumvi. Kisha anaeleza mwembamba unaookwa juu ya bamba la chuma, ambao ser moja (kipimo cha uzito cha huko) ya unga hutoa 15 au zaidi. Mmoja wa jamii hiyo anautaja kwa jina la chapati, na anaongeza kuwa ni mtamu sana ukiandaliwa moto. Wasomaji wenye haraka hulipita neno hilo la mwisho. Sisi tunalikalia hapohapo. Miaka zaidi ya 400 iliyopita, katika jiko la mfalme asiyekosa wapishi, tayari ilijulikana kwamba chapati ina saa yake.

Utafiti wa pili ulikuwa wa kiserikali, nao uliharibika. Mwanzoni mwa mwaka 1857 chapati zilianza kusafiri usiku kaskazini mwa India. Mlinzi wa kijiji anapokea chache, anaagizwa apike nyingine, azifikishe kijiji cha jirani, na wa huko afanye vivyo hivyo. Mark Thornhill, hakimu wa Kiingereza pale Mathura, alizikuta ofisini kwake mwezi Februari. Maofisa walizichunguza wakitafuta barua, alama au maana, wasipate kitu. Uasi dhidi ya Waingereza ulipolipuka Meerut tarehe 10 Mei, wengi wao walisadiki kuwa chapati ndizo zilizokuwa ujumbe, na wanahistoria wanabishana hadi leo. Kwa upande wetu tunaona kasoro ya kimbinu tu. Mtafiti anayeishika chapati bila mchuzi karibu asitarajie data.

3.0 Madaraja

3.1 Daraja la Kwanza: mikate ya papo kwa papo

Kiongozi wa daraja hili ni phulka, chapati ya kila siku katika nyumba nyingi za kaskazini na magharibi mwa India. Wagujarati huiita rotli na huisukuma nyembamba sana. Haina mengi: atta, yaani unga wa ngano uliosagwa pamoja na pumba zake, maji, na chumvi kwa anayeitaka. Husukumwa kwa belan (mti wa kusukumia) juu ya chakla (kibao), hulazwa kwenye tawa kavu (bamba la chuma) kwa muda mfupi kila upande, kisha hushikwa kwa koleo ikawekwa juu ya moto wenyewe. Hapo maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke hudai nafasi inayokaribia mara 1,600 ya ile ya maji. Ngozi mbili za mkate huachana, mkate wote ukafura. Ukitobolewa unashusha pumzi na kulala. Kuanzia dakika hiyo heshima yake inahesabika.

Kwa hiyo phulka hailiwi kwa rundo. Kwa mapokeo, mama wa nyumba husimama jikoni akitoa mkate mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitua sahanini ungali na mvuke, na yeye hula mwisho. Daraja la Kwanza ndilo rahisi kuliko yote kwa unga na ghali kuliko yote kwa watu, maana linadai mtu mzima mmoja asiyekaa mezani.

Naan nayo ni ya hapa, japo ina majivuno ya hotelini. Ina hamira au mtindi, hubandikwa kwenye ukuta wa tandoor, tanuri la udongo ambalo joto lake linaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi, na huiva kwa dakika moja au mbili. Oveni nyingi za nyumbani huishia karibu na nyuzi 250. Anayeitaka naan nyumbani atumie kikaango kizito cha chuma kilichopata moto hasa. Aupake mkate maji upande mmoja, aulaze kwa upande huo ushike chuma, kisha akigeuze kikaango chenyewe kichwa chini juu ya moto wa gesi. Ni tendo la kuogofya kulitazama, lakini mkate haudondoki. Kwa kikaango kisichogandisha utadondoka, na mtafiti atazima jiko kabla ya kuendelea na usomaji.

Puri hufura ndani ya mafuta, hupoa, husinyaa. Tumemaliza na puri.

Ni katika daraja hili tulipoiona kwa mara ya kwanza ile tunayoiita Kanuni ya Uhifadhi wa Kusubiri: katika mlo wowote wenye chapati, jumla ya kusubiri haibadiliki, hubadilika anayesubiri. Wanaoweza kusubiri ni wanne tu, nao ni unga, mpishi, mgeni na taya. Kwa phulka anasubiri mpishi. Kwa naan ya nyumbani anasubiri mgeni, maana kikaango ni kimoja. Unga ukinyimwa zamu yake, deni linahamia kwa taya, na taya hulipa kwa riba.

3.2 Daraja la Pili: mikate ya saa kadhaa

Hapa ndipo nyumbani kwetu. Mtu wa Delhi akionyeshwa chapati ya Tanga ataitambua kama jamaa wa paratha: ina mafuta ndani, ina tabaka, ina mafuta nje. Mtu wa Kerala ataiona inafanana zaidi na parotta ya kwao, ile ya unga mweupe ambayo ikitoka motoni hupigwa makofi kutoka pembeni hadi tabaka zake zikafumuka. Simulizi maarufu huipa reli sifa zote, yaani wale wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Simulizi hiyo inawaonea Wakachchi na Wagujarati. Majahazi yao yalikuwa yakisukumwa na kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa zamani sana kabla ya reli, na msafiri wa baharini haachi tumbo bandarini.

Swali gumu ni kwa nini phulka, iliyo nyepesi na isiyo na gharama, haikuiteka Afrika Mashariki. Jibu la barazani ni kwamba sisi tunapenda mafuta. Ni jibu la kivivu. Sababu yenyewe iko katika mpangilio wa jioni. Kwetu hapaliwi mkate mmoja mmoja. Tunapika rundo, tunafunika, halafu tunangoja. Tunangoja Isha iswaliwe, tunangoja shemeji aliye njiani, tunangoja taarifa ya habari iishe, tunangoja aliyetumwa soda. Mkate mkavu ukingojeshwa hivyo hupoteza maji na wanga wake hukakamaa. Samli iliyopakwa kati ya tabaka huzizuia zisigandane, na ile iliyomo kwenye unga huufanya mkate ubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Mafuta ya chapati yetu ni bima dhidi ya wageni. Chapati yenyewe tumeikadiria kuwa inahimili Sb 2 ikiwa ndani ya hotpoti, na Sb 1 ikiwa kwenye sinia chini ya kawa.

Na wapo walaji waliosubiri kuliko vyombo vyote. Katika nyumba nyingi za bara nchini Kenya, kwa vizazi vilivyokua kabla ya unga wa ngano kuzoeleka dukani, chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Mtoto alingoja tangu Januari. Hicho ni kiwango ambacho subira, kama kizio, haiwezi kukibeba.

3.2.1 Mbinu

Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hadi 12 za kujaza sahani. Chumvi vijiko 2 vya chai, mafuta au samli vijiko 3 au 4 vya mezani, ambavyo hufikichwa kwenye unga mkavu kwa vidole mpaka usionekane umepaka mahali na kuacha mahali. Kisha maji ya moto yanayovumilika mkononi, nusu lita na zaidi kidogo, yakiingia kidogokidogo. Pwani wapo wanaoweka tui la nazi badala ya maji, na hatuoni sababu ya kubishana nao. Maji ya moto yana kazi. Huanza kuuivisha wanga, wanga ulioanza kuiva hushika maji mengi zaidi, na donge linakuwa laini bila kuwa chepechepe.

Kanda dakika 10. Protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zikikutana na maji hushikana zikafanya gluteni, mtandao unaovutika. Kukanda kunaukaza mtandao huo. Kuuacha kunaulegeza. Basi funika bakuli kwa kitambaa kibichi uondoke jikoni kwa nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi. Hii ndiyo zamu ya unga katika Kanuni yetu, na ndiyo zamu inayoibwa kuliko zote.

Wizi huo hauhitaji maabara kuugundua. Mtazame mtu aliyeanza kukanda saa moja na nusu usiku kwa chakula cha saa mbili. Anaweka donge kwenye kibao, analisukuma hadi karibu na ukingo, anainua mti wa kusukumia, na donge linajikunyata mbele ya macho yake, linarudi katikati. Analisukuma tena kwa hasira. Linarudi tena. Safari ya tatu anaegemea kwa kifua, kibao kinateleza, na unga unapanda hadi kwenye nyusi. Atapata chapati nene katikati na kavu ukingoni, halafu ataulaumu unga, aseme siku hizi viwanda vinachanganya. Kiwanda hakihusiki. (Mti wa kusukumia ukikosekana, chupa tupu ya soda iliyooshwa inafaa, na kisayansi hakuna tofauti yoyote.)

Unga uliopumzika hukatwa matonge. Kila tonge husukumwa, hupakwa samli, hukunjwa kuwa utepe mrefu, kisha utepe huzungushwa ukawa duara lenye mkia, na mkia ukafichwa chini. Tabaka zote utakazoziona usiku zinazaliwa hapo. Matonge yaliyozungushwa hupewa dakika 15 nyingine chini ya kitambaa, ndipo yasukumwe mara ya mwisho, na kwa mkono mwepesi, maana anayegandamiza sana anazifunga tabaka alizotoka kuzitengeneza.

Chuma kiwe kimepata moto kabla. Chapati inalazwa kavu. Weupe wake unafifia, vipovu vidogo vinainuka hapa na pale, unageuza. Sasa mafuta kidogo yanazungushwa pembeni, unageuza tena, unagandamiza kwa mgongo wa kijiko huku ukiizungusha, na pale unapogandamiza panainuka pengine. Moto mdogo ni adui aliyevaa joho la busara. Mpishi anaupunguza akiogopa kuunguza, chapati inakaa chumani muda mrefu, maji yanatoroka yote, na inayotoka ni kigae. Ikiiva, iende moja kwa moja chini ya kitambaa juu ya wenzake, wavukizane.

3.2.2 Uhakiki wa rika

Hakuna chapati inayokubalika rasmi kabla ya kupitiwa na wifi. Mhakiki huyu haji na fomu. Anaichukua ya juu kwa vidole viwili, anaiinua kuelekea kwenye taa, anaipasua pembeni, anatazama kama inachanika kwa nyuzi au inakatika kama karatasi, kisha anasema "mmh". Mazungumzo yaliyorekodiwa uwanjani ni haya:

"Wifi, unga uliupumzisha?"

"Niliupumzisha, wifi."

"Ulipumzika, au ulipitiwa na usingizi?"

Swali hili lina mashiko kuliko linavyosikika. Unga ulioachwa kwenye joto kwa saa nyingi mno hulegea kupita kiasi, hunata kibaoni, na huanza hata kuchachuka. Wifi alikuwa anauliza kuhusu mipaka ya juu ya kigezo chetu, na tunamshukuru, ingawa mwenye nyumba hakumshukuru.

3.3 Daraja la Tatu na la Nne

Thepla ya Kigujarati, yenye majani ya uwatu, manjano, mtindi na mafuta ya kutosha, hukaa siku kadhaa na ndiyo maana husafiri kwenye mikoba ya Wagujarati hadi pembe zote za dunia. Khakhra hugandamizwa juu ya tawa mpaka unyevu wote uishe, ikakatika kwa mlio, na hukaa wiki nyingi. Zote mbili ni za kuheshimiwa. Kwa mlo mzito wa jioni hazituhusu, labda mgeni awe anatokea Mumbai kwa jahazi.

3.4 Spishi tata

Chapati za maji haziko katika daraja lolote. Unga, maji, yai akipenda mtu, sukari au chumvi, unakoroga na kumimina. Hazisukumwi, hazikunjwi, na wengi hawazipumzishi hata kidogo. Ni chapati za mtu aliyepata habari ya wageni wakiwa getini, na tunaziweka katika kiambatisho cha dharura. Rolex ya Kampala, chapati inayoviringishwa pamoja na mayai, na kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikazamishwa kwenye maharage, ni za barabarani, nje ya mipaka ya utafiti huu wa nyumbani. Tulizifuata hata hivyo hadi mtaa wa Wandegeya, kwa uangalifu wa kitaaluma.

4.0 Chapati na Mchuzi

Uainishaji usiofika mezani ni kazi bure. Mlo mzito unaotuhusu ni ule wa maharage ya nazi, au mbuzi aliyechemka akalainika kisha akaungwa, au kuku wa mchuzi mzito, pamoja na kachumbari ya kukata shombo. Phulka, kwa wembamba wake, hupasuliwa kipande na kukunjwa kuzunguka chakula kikavu kama viazi vya bizari au bamia. Ukiitumbukiza kwenye mchuzi mwepesi inakufa maji. Chapati ya tabaka hunywa mchuzi kwa awamu, tabaka la nje kwanza, la ndani baadaye, na kwa hiyo inamvumilia mlaji mwenye maneno mengi. Kwa mchuzi wa mbuzi ipikwe nene kidogo. Kwa maharage yaliyoshikana na tui, nyembamba inatosha.

Kuhusu mgao, nadharia inasema chapati mbili kwa mtu mzima. Uwanjani, mgeni wa heshima huchukua moja, anasema "ahsante, inatosha", anashinikizwa, anachukua ya pili kwa masikitiko makubwa, na ya tatu hakuna aliyemwona akiichukua. Watoto hawaingii kwenye hesabu kwa kuwa walishakula tatu jikoni kwa kisingizio cha kuonja chumvi. Mpishi mwenye wageni sita akande kilo mbili, na asimweleze mtu kwamba ni kilo mbili.

Kimebaki kiporo. Usiku kucha wanga ulioiva hujipanga upya na kukaza, na ndiyo maana chapati ya jana huwa ngumu hata ikifunikwa vizuri. Friji huharakisha ugumu huo badala ya kuuzuia. Moto huurudisha nyuma kwa sehemu, kwa hiyo asubuhi hupashwa kwenye chuma kikavu, huviringishwa, ikachovywa kwenye chai ya maziwa, na wapo wanaoapa kuwa hapo ndipo inapokuwa chapati kamili. Wenzetu wengine wanataka kiporo kiwe daraja peke yake. Hatuoni haja. Kimelala usiku mzima kikiwa hai, basi kina haki zote za Daraja la Tatu, kwa sharti kwamba hotpoti ilale chumbani kwa mama.